Ubunifu Umebebeshwa Mizigo ya Wenzake

Neno ubunifu limechoka. Katika MAKISATU, yale Mashindano ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu yaliyoanza mwaka 2019, ubunifu ni kuleta kitu kipya. Katika Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, ubunifu ni kupanga nyumba itakavyokaa kabla tofali la kwanza halijalazwa. Kwenye jukwaa la mitindo, mbunifu ni mshonaji aliyepata jina. Mwalimu wa chekechea naye akimsifu mtoto kwa ubunifu, anasifu akili inayopenda kucheza. Maana ni nne na neno ni moja, na kijana wa Mpwapwa anayefungua biashara yake ya kwanza anaambiwa kila semina awe mbunifu. Awe nani kati ya hao?

Swali hili halihusu kamusi peke yake. Kijana akisikia ubunifu anaelewa upya, basi anahangaika kutafuta kitu ambacho hakuna mwingine anacho. Samaki wa Mtera si kitu kipya. Zabibu za Mpunguzi si kitu kipya. Inayokosekana ni ile kazi ya katikati, ya kuamua kitu kiwe na umbo gani, kiandikwe nini, kifunguliwe vipi, kishikwe na mkono wa nani. Kazi hiyo tumeinyang'anya jina lake, na isipotajwa kwa jina haipangiwi fedha wala haiajiriwi mtu.

Tuitazame buni yenyewe. Vitenzi vyetu vya asili ya Kibantu huishia na -a; buni inaishia na -i, na hiyo ni dalili kwamba iliingia kwa mlango wa wageni. Ilipoingia ikapata maisha mawili. Anayebuni mashine anapewa cheti, anayebuni sababu za kuchelewa kazini anapewa barua ya onyo. Hadithi ya kubuni ni ile ambayo haikutokea. Nomino ya mtendaji nayo ilipata taabu, maana mbuni tayari alikuwa ndege mwenye mbio na mbuni tayari ulikuwa mti wa kahawa. Tukakimbilia mbunifu.

Hapo ndipo kosa lilipoanzia, msomaji mwenzangu. Kiambishi -fu, au -vu, hutaja tabia. Mvumilivu ni mtu mwenye tabia ya kuvumilia, msahaulifu ni mwenye tabia ya kusahau, mbunifu ni mwenye tabia ya kubuni. Hakuna anayemwita fundi wa kushona mshonifu. Kwa hiyo ubunifu ni sifa ya mtu, na unaweza kumpata kwa mhasibu, kwa mpishi na kwa dereva wa bodaboda. Ninaiheshimu sifa hiyo kwa moyo wote. Lakini sifa haisomewi miaka mitatu, haina meza ya kazi, haina hatua ya kwanza na ya pili.

Uvumbuzi ni jambo jingine, na halitatukawiza. Kuvumbua ni kukifichua kilichokuwepo bila kujulikana: nyota, dawa, madini. Mfanyabiashara mchanga anaweza kuishi maisha yake yote bila kuvumbua chochote na bado akaajiri mtaa mzima.

Neno ninaloliombea kazi ni usanifu.

Sanifu lilitujia kutoka Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya aina, na kitenzi chake huko ni kupanga vitu kwa aina zake na pia kutunga kitabu. Tasnifu ya mwanafunzi wa chuo kikuu ni ndugu wa damu wa neno hili. Kamati ya Lugha ilipoundwa mwaka 1930 na kazi ya kuiwekea lugha yetu kipimo kimoja ikashika kasi, sanifu likapata maana yake inayojulikana zaidi: Kiswahili Sanifu, kilichopimwa na kukubaliwa. Wengine wanaona maana hiyo inalizuia neno lisitumike kwa kazi ya kubuni bidhaa. Mimi naona inalipa nguvu. Ubunifu unaweza kuruka popote. Usanifu umeshika rula.

Tena Mtanzania ameshalisikia mara nyingi kuliko anavyodhani. Mbunge akiulizia barabara ya jimboni kwake, jibu la serikali huja na upembuzi yakinifu na usanifu wa kina, na msikilizaji wa redio kule Mvumi anajua fika kwamba maneno hayo yanakaa kati ya ahadi na greda. Barabara ya lami ya kutoka Iringa hadi Dodoma, kilomita 260 hivi kupitia Migori, Mtera na Fufu, iliyofunguliwa mwaka 2018, ilipita katika maneno hayo kabla haijapitiwa na lori. Usanifu wa kina! Ni fungu la maneno zuri kuliko mengi ya kiofisi. Kina ni urefu wa kwenda chini, na lenyewe linakuonya kwamba mchoro wa juu juu hautoshi. Kama barabara inastahili usanifu wa kina, pakiti ya unga wa lishe inastahili pia, na fomu ya mkopo, na programu ya simu ya kumuunganisha mkulima wa alizeti wa Kongwa na mnunuzi wa mjini.

Kwa hiyo tuseme usanifu wa bidhaa, usanifu wa huduma, usanifu wa machapisho. Mtu wake ni msanifu. Atakayeogopa kulichanganya na kuweka viwango, neno usanifishaji lipo kwa kazi hiyo, na lugha ilishawatenganisha ndugu hao siku nyingi.

Lipo jambo moja katika familia hii ya maneno ambalo limenishika kwa muda mrefu, na sijaona likisemwa. Kumsanifu mtu, kwa Kiswahili cha wazee, ni kumdhihaki kwa kumsifia kisichokuwepo, ndiyo maana mtu akizidishiwa sifa husema, "Usinisanifu." Msanii anachora na kuimba, lakini mtaani usanii ni utapeli: "Huyu anatufanyia usanii." Kuchonga ni kazi ya heshima ya mwenye tezo, na mchongo ni dili lenye faida, lakini kitu cha mchongo siku hizi ni kitu cha uongo kilichopangwa. Kutunga ni kazi ya malenga, na uongo pia hutungwa. Buni tumeshaiona. Chukua karibu neno lolote la Kiswahili la kukipa kitu umbo, uligeuze, na nyuma yake utakuta shaka.

Siamini kwamba hii ni bahati mbaya ya maneno. Wasemaji wa lugha hii wamekuwa wakinunua na kuuza kwa karne nyingi, na wamekutana na nguo nzuri ya uzi mbovu. Lugha yao ikaweka ulinzi ndani ya maneno yenyewe. Kijana anayeanzisha kampuni anapodhani usanifu ni rangi ya kupaka mwishoni, baada ya bidhaa kuisha, Kiswahili kinamjibu kwamba hayo ni kusanifu kwa ile maana ya pili. Umbo likiachana na ukweli wa kitu, linakuwa usanii. Sijui lugha nyingine iliyoliweka onyo hilo karibu hivyo na mdomo wa fundi.

Na dizaini? Limo vinywani na halitoki, wala siombi litoke. Ila sikiliza vijana wanavyolitumia: "Ana dizaini flani hivi", "dizaini kama amekasirika". Wameliondoa kwenye michoro wakalipeleka kwenye maana ya namna, aina, jinsi. Sasa kumbuka mzizi wa Kiarabu uliozaa sanifu una maana gani. Aina! Maneno mawili, moja lililokuja kwa majahazi na jingine kwa magazeti ya mitindo, yamekutana kwenye kijiwe cha bodaboda bila kujuana. Dizaini libaki mtaani, ambako lina raha yake. Kwenye mkataba, kwenye mtaala na kwenye mpango wa biashara tuandike usanifu.

Kwa upande wa kitenzi tunayo hazina ambayo haikuazimwa popote. Pale Mtera, magari yanapopunguza mwendo bwawani, wauza samaki husogelea madirisha na mitungo mikononi. Mtungo ni samaki waliotungwa kwa kamba kupitia mashavu. Utazame mtungo uliotungwa na mjuzi: perege wanalingana, mkubwa hakutiwa ili kuwafunika wadogo, vichwa vimeelekea upande mmoja, na juu kimeachwa kitanzi chenye nafasi ya vidole vitatu, abiria aupokee dirishani bila kulowanisha shati. Bei hutajwa kwa mtungo, mazungumzo ni mafupi kwa sababu basi halisubiri, na mnunuzi ameshaona kila samaki kabla hajauliza. Kipimo, umbo, uaminifu, mkono wa mteja, muda wa kuuza: vyote vimeamuliwa na kamba moja. Mwenye mtungo huo hajawahi kuitwa msanifu.

Kutunga, kwa hiyo. Hutungwa shanga, hutungwa samaki, hutungwa shairi, hutungwa sheria, na mimba hutunga yenyewe tumboni. Ukivuka kwenda Kongo, Kilingala kina kotonga, na huko ni kujenga na pia kushona. Kitenzi hiki cha kale cha Kibantu kinashika wazo moja: vipande vilivyokuwa mbalimbali vimepitishiwa uzi vikawa kitu. Mwenye biashara anayeanza hafanyi jingine. Ana wazo, ana mtaji kidogo, ana binamu mwenye pikipiki, ana wateja kumi, anatafuta uzi.

Bwawa lenyewe linatufundisha tofauti ya kusanifu na kutunga. Lilijengwa ili kutunza maji ya Mto Ruaha Mkuu kwa ajili ya mitambo ya umeme ya Kidatu, na mwaka 1988 likapata mitambo yake ya megawati 80. Lilisanifiwa kwa umeme. Biashara ya samaki ilijitunga pembeni, kwa mikono ya watu waliokuta maji yamekuja. Napendekeza tuseme biashara hutungwa, na bidhaa zake husanifiwa. Kujenga tuyaachie majengo na jina.

Mtumiaji ni neno ninalolipenda kuliko yote ya makala hii. Ndani yake mna tuma. Kukitumia kitu ni kukituma: kisu kinatumwa kukata, simu inatumwa kupeleka fedha. Mtumiaji basi ni mwenye kutuma, na kitu ni mjumbe wake. Kipimo cha usanifu mzima kimo humo: je, mjumbe amerudi na alichotumwa? Mlaji, neno la sheria za ushindani na za bei, ni zuri kwa samaki na mvinyo, lakini mlaji anakila kitu kikaisha. Mtumiaji ana safari ndefu nacho. Kampuni inayoandika wateja wetu ni walaji, huku inauza programu ya simu, imejisahau.

Lakini uzoefu wa mtumiaji, fungu linaloenea kwenye matangazo ya kazi, silikubali. Uzoefu ni mazoea ya miaka; dereva mwenye uzoefu ni yule wa tangu zamani. Ukisema "tunaboresha uzoefu wa mtumiaji" umeahidi kumzeesha. Kinachotakiwa ni lile linalompata mtu anapokutana na kitu, na jina lake limekaa kwenye rafu ya fasihi likingoja: tajriba. Ni ndugu wa jaribu na jaribio, mzizi mmoja wa Kiarabu. Tazama inavyofaa: unafanya jaribio ili kuijua tajriba. Msanifu wa tajriba. Halisumbui ulimi hata kidogo.

Mitandao ya pesa imetupa somo hapa bila kukusudia. M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka 2008, mwaka mmoja baada ya Kenya, ilikuja na orodha fupi ya vitenzi vya kuamuru: tuma, toa, lipa. Kutoa lilikuwa na sadaka na hoja. Sasa likabeba na noti za wakala. Watu wakaongeza lao: "Tuma na ya kutolea." Fungu hilo halikutungwa na kampuni yoyote, nalo limebeba makato, heshima na hesabu kwa maneno manne. Na lipa namba, kitenzi cha amri kilichogandishwa mbele ya nomino, linakwaruza sikio la mwalimu wa sarufi. Lakini muuza mchicha wa Soko la Majengo na mnunuzi wake wanaelewana nalo papo hapo. Ningelikubali kamusini kesho. Maneno ya kwenye skrini ndogo ni sehemu ya usanifu, na mara nyingi ndiyo usanifu wote uliopo.

Tupande kuelekea Dodoma, kwenye mizabibu. Wakulima wana istilahi yao, mchuzi wa zabibu, kwa ule utomvu uliokamuliwa na kuhifadhiwa kwenye mapipa ili zabibu zisioze, kisha ukauzwa kiwandani. Mtu wa pwani akisikia mchuzi anatafuta wali. Mimi naliona neno la kweli kabisa: mchuzi bado uko jikoni, haujapakuliwa. Mvinyo, neno tuliloachiwa na Wareno, ni ule ulioingia chupani ukapewa sura. Kati ya mchuzi na mvinyo ipo kemia, naam, na upo usanifu: chupa gani, kizibo gani, karatasi ya rangi gani, jina gani la kutamkika kwa mgeni na kwa shangazi. Bei ya lita inapanda katika nafasi hiyo, na mkulima anayeuza mchuzi anaiachia nafasi hiyo kwa mwingine.

Kifungashio ni ushindi wa waunda istilahi, na tuwapongeze. Funga, fungasha, kifungashio: kila hatua inaonekana. Kufungasha ni kufunga kwa ajili ya safari, kama tunavyofungasha virago, na neno linakumbusha kwamba kitu kitabebwa, kitatupwa garini, kitakaa juani. SIDO, Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, lililoanzishwa mwaka 1973, limelieneza kwa wajasiriamali wadogo. Ombi langu ni moja: chini ya jina hili la jumla tusiyaache majina mahususi. Tenga la nyanya, pakacha la muhogo, kanda la tende, kiroba, gunia, furushi, mtungi. Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, jina mifuko mbadala likaenea mtaani, na mbadala likashuka kutoka kwenye mijadala ya siasa hadi kwenye kibanda cha nyanya. Lugha yenye majina mengi ya vyombo ni lugha ya watu waliosanifu vyombo vingi.

Chapa, nembo, alama, jina. Hapa tumechanganya mno. Chapa, lenye asili ya Kihindi, lilikuwa mhuri, na kwa mfugaji wa Kigogo ni chuma cha moto kwenye paja la ng'ombe. Nembo ilikuwa chale ya mwilini ya kumtambulisha mtu na watu wake kabla haijapanda cheo na kuwa Nembo ya Taifa. Alama ndiyo ya kisheria. BRELA, Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, husajili alama za biashara. Yote matatu huonekana kwa macho. Lakini semina zinahimiza kujenga chapa, na sikio langu linakataa, kwa kuwa chapa hupigwa. Jina ndilo hujengwa. Tunasema mama fulani amejenga jina kwa vitumbua, na tunamaanisha yote: ladha, usafi, chenji inayorudishwa kamili.

Kanga ilishalijua hili. Sehemu zake zina majina, pindo pembeni, mji katikati, na yale maandishi huitwa jina. Msanifu wa kanga hupanga pindo na mji, lakini mwanamke dukani hununua jina. Kule Mombasa, mfanyabiashara Kaderdina Hajee Essak aliziwekea kanga zake maneno Mali ya Abdulla, na maneno hayo matatu yakafanya kazi ya nembo, alama na jina kwa pamoja. Somo zima la biashara limo pindoni.

Basi tumwite nani huyu anayeanza? Wapo wanaosema statapu. Kampuni changa limeenea, na siligombi, ila changa hutazama upungufu: embe changa halijawa tayari, mtoto mchanga hubebwa. Chipukizi hutazama uelekeo. Kinachochipuka kimeshashika ardhi na kinajua juu ni wapi. Mizabibu ya Chinangali huchipua upya kila baada ya kupogolewa, na chipukizi hilo ndilo linalozaa. Kampuni chipukizi, basi. Mtaani wao husema mradi tu, "nina mradi wa kuku", na hilo nalo ni lulu: muradi ni kusudio. Mwenye mradi ni mwenye nia.

Vituo atamizi vinavyozilea kampuni hizo vinafuata sura ileile ya uhai, kutoka kuatamia kwa kuku. Neno limefuzu. Ila kuku huliatamia yai ambalo umbo lake limekwisha, nayo semina inayomfundisha kijana hesabu na sheria bila kumwekea msanifu mezani inaatamia bila kuchungulia kilichomo.

La mwisho ni kile kitu cha kwanza kinachotengenezwa ili kijaribiwe, kivunjike, kitengenezwe tena. Tumekiita sampuli, lakini sampuli ni kipande cha kitu ambacho tayari kipo. Kielelezo ni cha mahakamani na cha ubaoni. Kiolezo, kutoka kuoleza, ni cha kufuatisha, nacho kinakuja baada ya umbo kukubaliwa. Ninapendekeza kijaribio. Ki- inakifanya kuwa chombo na pia inakipunguza, ili mwenye nacho asikipende kupita kiasi. Jaribio linasema kazi yake. Na tajriba iko jirani ikingoja majibu. Naliachia Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA. Na kama fundi seremala wa mtaani kwenu, au mshonaji, ana neno analolitumia kwa kitu hicho tangu ujana wake, lake ndilo liingie kamusini, langu likae pembeni.